Fundi Aliyeingia Kliniki na Mwiko

Saa tatu asubuhi, mhudumu wa afya ya jamii amekaa kwenye benchi la kliniki akibembeleza mtoto asiye wake. Mama wa mtoto yuko ndani, chumba cha afya ya akili. Nusura asije, kwa kukosa wa kumwachia.

“Watu wanadhani kazi yangu ni kushauri,” anasema, akimfuta mtoto kamasi. “Kazi yangu ni kubeba watoto na kubishana na mama wakwe.”

Miaka sita ya kupita nyumba kwa nyumba imemfundisha nani huingia mlango ule na nani huishia barabarani. Mwenye ndugu wa kumsindikiza huja. Kibarua anayeogopa kumwomba bosi ruhusa huja mara moja, halafu haonekani tena. Wanaume wengi huja wakiwa wamebebwa.

“Mgonjwa haji peke yake. Anakuja na ukoo mzima mgongoni.”

Lakini mganga hajigangi. Kaka yake mkubwa, fundi mwashi, alifiwa na mke mwaka jana. Akaacha kazi, akawa mtu wa kushinda chumbani madirisha yamefungwa. Mama yao alikataa katakata asipelekwe kliniki, maana binti wa kaka huyo alikuwa ameshapata mchumba.

“Subiri mjukuu wangu aolewe kwanza,” mama alisema. “Wakwe wakisikia tuna kichaa, tumekwisha.”

“Mama, tukisubiri harusi tutapata msiba.”

Ukuta wa chumba cha mshauri pale kliniki ulikuwa na ufa. Mhudumu akamwomba kaka aje kuuziba. Fundi akaingia mchana kweupe, mwiko mkononi, na hakuna jirani aliyegeuza shingo. Kazi ya asubuhi moja ikamchukua wiki mbili, kwa sababu alipiga lipu kidogo na kuzungumza na mshauri sana.

“Sikumdanganya. Nilimwambia, ‘Kaka, ukuta ni wa majirani. Mshauri ni wako.’ Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi.” Anatazama pembeni, machozi yakimlengalenga.

Sasa kaka anatibiwa, na amerudi kazini nusu siku. Jumamosi wakwe watarajiwa wanakuja kupanga harusi. Mama anataka lisitamkwe neno. Mhudumu ameamua kulitamka.

“Kaka amekubali, na binti mwenyewe ndiye aliyenituma,” anasema, akimkabidhi mtoto kwa mama yake anayetoka chumbani. “Wakikimbia kwa sababu baba anatibiwa, basi binti yetu atakuwa ameponea chupuchupu.”