Mji Uliochorwa kwenye Ukuta wa Jiko

Niliposikia nimechaguliwa kwenda China, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni viatu. Nilikuwa na jozi moja tu, ya plastiki, na kiatu kimoja kilikuwa kimekatika nikakifunga kwa uzi wa katani. Bibi maendeleo wa wilaya, aliyekuwa akizunguka vijijini kuwafundisha kina mama lishe na ushoni, alisimama mlangoni kwangu akinitangazia habari ile, nami namsikiliza huku naangalia miguu yangu.

Nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima katika kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Handeni. Kwa kazi hiyo, akasema, nimetiwa katika msafara wa akina mama wa vijijini wanaokwenda kutembezwa Shanghai wiki nzima. Nikamuuliza kama ni kozi. Akasema si kozi wala mkutano, ni kutembezwa tu, tuone mji. Wenyeji wameuliza wageni wanapenda kuona nini, kwa hiyo kila mmoja wetu aipange wiki yake, kisha aende wilayani kuieleza.

Sasa wewe jaribu kupanga jambo lako peke yako katika kijiji cha ujamaa. Mwenyekiti aliitisha mkutano, akasema safari hii ni ya kijiji kizima, na watu wakaamini. Jirani yetu mfugaji, aliyehamishiwa kwetu na ng'ombe wake, akataka niangalie kama Wachina wana mbung'o na wanawafanyaje. Wanaume wa shamba la pamoja wakataka kujua jembe la huko lina mpini mrefu au mfupi. Bibi mmoja asiyekuwa na haya aliniagiza nichunguze wanawake wa Kichina wanabebaje watoto, na kama waume zao huwasaidia kuwabeba. Hapo wanaume wakaguna. Mkutano ulipokwisha, wiki yangu ilikuwa imejaa pomoni na mimi sijaulizwa neno. Niliondoka nimenuna.

"Na wewe mwenyewe unataka kuona nini?" mume wangu aliniuliza njiani.

Nikamwambia nataka kupanda ghorofa, nifike juu kabisa, nikae nitazame watu wanavyopita chini, na asitokee mtu wa kuniita.

"Hilo tu?"

"Hilo tu, na kwangu si dogo."

Alicheka, akanichukulia jembe langu begani kwake. Alikuwa mtu mwema sana yule, na ninamkumbuka mpaka leo.

Lakini ruhusa ya safari haikuwa ya mume wangu, wala ya mwenyekiti. Sisi Wazigua mtoto ana mjomba wake, na jambo zito halifanyiki mpaka mjomba aseme. Mama yangu aliponikuta nashona gauni la safari alinipokonya kitambaa mkononi. "Kaka yangu hajasema kitu, na wewe umeshaanza kushona?" Kesho yake nikapanda basi kwenda Korogwe.

Mjomba alikaa Masuguru, hapohapo Korogwe, na alikuwa fundi mwashi. Yeye ndiye mtu pekee katika ukoo wetu aliyewahi kufika Asia. Alichukuliwa katika vita vya Hitla, akapelekwa Burma, na vita vilipopoa wakapewa likizo ya wiki moja wakapumzike katika mji wa Kalkuta. Hadithi ya likizo hiyo tulikua nayo sisi watoto wote wa dada zake. Tuliijua tramu iliyokuwa ikipita juu ya reli katikati ya barabara ikipiga kengele, na soko lililomtisha, na mvuta riksho aliyetaka kumpandisha bure naye akakataa kwa sababu aliona aibu kuvutwa na mtu mzima mwenye mvi.

Nusu ya likizo ile, hata hivyo, hakuwa akiisimulia kwa kicheko. Alikwenda huko na rafiki yake, kijana wa Kishambaa kutoka Dindira, kule juu kwenye chai. Waliandikishwa siku moja, wakalala hema moja vita vizima. Katikati ya likizo yule rafiki akashikwa na homa ya matumbo, akafia hospitali, akazikwa hukohuko Kalkuta. Mjomba alimzika, na baada ya hapo wakapakiwa melini kurudi. Mama wa yule marehemu alikuwa bado hai. Kila Idi mjomba alipanda Dindira kumsalimia, na kila Idi yule bibi alimuuliza swali lilelile: kuna mtu wa kwetu aliyesimama pale akamwombea? Na kila Idi mjomba alijibu kwamba tangu walipomzika, hakuna.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshasikia. Njoo huku jikoni."

Mkaza mjomba, yaani mkewe, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko ameshika kiuno. Ukuta wa jiko ulikuwa umekandikwa upya na kupakwa udongo mweupe, na mjomba alikuwa ameuchafua wote kwa mkaa. Alikuwa amechora mto, juu ya mto daraja la chuma, reli za tramu, soko, kambi ya jeshi, hospitali.

"Wiki nzima nimeomba anikandikie," mkaza mjomba akaniambia. "Amenikandikia ili apate pa kuchora."

"Huu ndio mji," mjomba akasema, hakumjibu mkewe. "Siku ya kwanza usiende popote, utalala. Kichwa kitakuwa bado kiko kwenye ndege. Siku ya pili utapanda tramu mpaka mwisho wake na utarudi nayo hiyohiyo, ndiyo njia ya kuujua mji. Usishuke ovyo. Siku ya tatu soko, lakini usinunue, uangalie tu. Siku ya nne ndiyo ya kununua. Na usile kitu kilichopoa, unanisikia? Mwenzangu alikula kitu kilichopoa."

Nikamuuliza siku zilizobaki je. Akageukia upande wenye hospitali. Upande ule wa ukuta alikuwa hajachora ila kitanda kimoja na mti. Nikaelewa kwamba siku zile yeye hakuuona mji, alikuwa amekaa hospitali kando ya kitanda.

"Ijumaa utakwenda hapa," akasema, akaweka kidole penye mti. "Utamwombea rafiki yangu. Nyingine panga mwenyewe."

"Mjomba, mimi nakwenda Shanghai."

"Ndiyo. Na Kalkuta utapita."

"Sidhani kama itapitika."

"Hudhani nini? Nani amefika huko, mimi au wewe?"

Nilitaka kumjibu na nilikuwa na jibu, maana ulimi wangu haujawahi kunikwama. Lakini akaongeza kwa sauti ya chini: "Nimeshapanda Dindira. Nimemwambia mama yake kwamba mtoto wetu anakwenda. Amekutuma. Ukifika pale umwambie mwanawe, mama yako bado yupo."

Nilimwonea hasira, nikamwonea na huruma. Nilimuuliza kwa nini hakuniuliza mimi kwanza kabla ya kwenda kumpa matumaini mwanamke wa watu. Akasema amengoja jambo hili tangu akiwa kijana, na jana alikosa subira. Mkaza mjomba akageuka akaanza kupepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Nikatoka, nikaenda mpaka shule ya msingi iliyokuwa karibu. Mwalimu aliyekuwa zamu alinifungulia darasa lenye ramani ya dunia. Tulichukua uzi tukapima kutoka Kalkuta hadi Shanghai, kisha tukaushusha uzi uleule juu ya Afrika, ncha moja Korogwe. Ulivuka Kenya, ukaimaliza Sudan, ukaingia Misri. Nilisimama mbele ya ramani ile nikiwa nimeushika uzi, na kusema kweli nilitamani kulia.

Niliporudi nilimweleza mjomba vilevile, sikumzungushia. Sudan nzima, nikamwambia, na hakuna basi, kuna milima katikati, na sisi wageni tunatembezwa kwa pamoja kama wanafunzi. Alisikiliza habari ya uzi mpaka mwisho. Kisha akakaa kwenye tofali, akaanza kujifuta mkaa vidoleni, kidole kimoja kimoja.

"Nilidhani ni kama Korogwe na Moshi," akasema. "Unapanda basi asubuhi, jioni umefika."

"Kama ulitaka niende kwa ajili ya kaburi tu, niambie, mjomba. Nitarudi nyumbani, waende wengine."

"Nani amekwambia urudi nyumbani? Usinitie maneno mdomoni." Alikuwa mkali, halafu ukali ukamwishia palepale. "Lakini yule mama nitamwambia nini? Ameniuliza miaka yote hii. Safari hii nimemwambia ndiyo."

Mkaza mjomba aliweka ungo chini, na nadhani alitaka tu kumwondolea mumewe mawazo, akaniuliza jambo la kawaida kabisa: huko kwa Wachina nitaswali nimeelekea wapi?

"Kaskazini," nikasema. "Kama hapa."

Mjomba aliinua kichwa. Akaanza kutabasamu, tabasamu la mtu aliyekumbuka ujinga wa mtu anayempenda.

"Ndivyo alivyofanya yeye," akasema. "Tumefika Burma, anaswali kaskazini. Nikamwambia, rafiki yangu, Makka sasa iko nyuma yetu, tumeipita, huku kibla ni machweoni. Hataki. Ananiambia baba yake aliswali kaskazini, na babu yake, na Dindira nzima, wewe Mzigua wa bondeni utanifundisha nini? Mwezi mzima tunaswali hema moja, mimi naelekea huku, yeye kule. Mpaka alipokuja sheikh wa jeshi, Mhindi, akamshika mabega akamgeuza kama unavyogeuza mtoto. Akakasirika siku mbili."

Tulicheka, hata mkaza mjomba aliyekuwa na hasira za ukuta wake. Halafu mjomba akaacha kucheka ghafla. Akainuka, akaokota mkaa, akaenda mwisho kabisa wa ukuta, karibu na mlango, akaweka alama.

"Hapa Shanghai."

Akatembea hadi mwisho wa pili, kwenye mafiga, akaweka alama nyingine. "Hapa Makka." Kisha akarudi mpaka katikati, penye ule mti wake, na kukiegemeza kiganja chote juu yake. Nilimwona mgongo tu, lakini sauti yake niliisikia ilivyobadilika.

"Wewe utakuwa hapa, unaelekea kule. Na yeye yuko hapa, njiani. Kila swala utakuwa umemwelekea."

Mkaza mjomba alishika kanga yake akajifuta macho. Mimi nililia waziwazi, sina haja ya kuficha. Mjomba alikuja akaniwekea kiganja kichwani, kikiwa bado na mkaa, akasema neno nililokwenda kulitafuta: "Nenda." Nilirudi Handeni na alama nyeusi utosini, na mama yangu alipoiona alinirudishia kitambaa changu.

Shanghai nilitembezwa. Baiskeli zilikuwa nyingi mno, zikipita nahisi kizunguzungu. Jembe lao nililiona, na mbung'o hawakuwa nao. Ghorofa nilipanda, na wenyeji waliniacha nikae juu kule mpaka nikatosheka, ingawa nadhani walinishangaa. Ijumaa jioni wenzangu walipokwenda kula, nilimwomba dada aliyekuwa akitutafsiria anionyeshe jua linazama upande gani. Akanionyesha kwa kidole, kati ya majengo mawili. Nikatandika kanga yangu sakafuni. Nilipomaliza kuswali sikuinuka. Nikamwita yule kijana wa Dindira nisiyemjua, nikamwambia kwa Kishambaa kidogo nilichonacho: mama yako bado yupo.

Niliporudi, mjomba alinipeleka Dindira. Kulikuwa na baridi, na yule bibi alikuwa amekaa nje ya nyumba yake juu ya kigoda, anaota jua, amejifunika mablanketi mawili. Nilimpa shikamoo nikapiga magoti. Hakuniuliza kuhusu China hata kidogo. Alinishika mikono yote miwili.

"Ulifika kwake?"

Mjomba alitazama chini. Sikutaka kumdanganya mama wa mtu.

"Sikufika, bibi. Ni mbali. Lakini nilimwelekea, nikampa salamu zako."

Nikamweleza habari ya kibla, na mjomba akamweleza habari ya ubishi ule wa kuswali kaskazini, ambao siku zote alikuwa hajawahi kumsimulia. Yule bibi alicheka mpaka akakohoa. Alisema alikuwa mbishi tangu tumboni, alikataa hata kuzaliwa kwa wakati wake. Akacheka tena, akamtazama mjomba.

"Kwa hiyo kumbe mtu anaweza kumwelekea."

"Anaweza, mama."

"Na kutoka hapa ni upande gani?"

Mjomba akaangalia jua, akafikiri, akanyoosha mkono kuelekea mawio, juu ya migongo ya chai. Bibi alijiinua polepole, akakataa kusaidiwa. Akakishika kigoda chake, akakigeuza, akakaa.