Nilipika udongo wa miche, kisha nikamfukuza Mama Feza

Wakuu, salamu kutoka Likasi. Mvua imeshika, umeme umeondoka, na mimi nina jambo la kukiri kabla simu haijazima.

Kwa miaka sita nimekuwa nikisema sikumwonea mtu kwenye ile kazi ya miche.

Nilimwonea. Anaitwa Mama Feza. Nitaeleza yote kama yalivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga, na ni pengi.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, sekondari. Nimesoma chuo kikuu, na kwa muda mrefu nilihakikisha kila aliyekaa nami dakika tano anaondoka akilijua hilo.

Miaka sita iliyopita kamati ya mtaa wetu iliamua kurudisha msitu kwenye kilima kimoja, njia ya Kakontwe. Wachoma makala, yaani makaa, walikuwa wamekimaliza. Tulitaka kupanda muputu, mti wa pori letu, na kwa heshima ya diploma yangu nikakabidhiwa kitalu cha miche.

Wa kumwagilia alikuwa Mama Feza, mjane aliyenizidi umri. Msimu wa mvua huuza uyoga sokoni Kikula. Huku uyoga tunauita bowa, na yeye anajua upi hutoka chini ya mti gani, baada ya mvua ya ngapi.

Siku ya kwanza nilitoa amri: udongo wote upikwe, ili kuua magonjwa. Tulikata pipa, tukawasha makala chini yake, tukakaanga udongo mpaka ukatoa moshi.

Ndiyo, makala yaleyale yaliyomaliza kilima. Msinicheke bado, yako mengine.

Mama Feza aliangalia pipa, akaniangalia mimi.

"Madame, minye naonaka batu banapika bukari. Budongo, njo mara ya kwanza."

Bukari ni ugali, minye ni mimi, njo ni ndiyo. Wanawake wengine wa kitaluni waligeuka upande ili nisione wanavyocheka.

Kesho yake alikuja na kikapu cha udongo mweusi, wenye majani yaliyooza, kutoka chini ya muputu mzee.

"Hii njo ya kuchanganya. Muputu haiotake peke yake. Ukiitoa ku budongo ya mama yake, inakuwa yatima."

Nikamwambia huo ni uchafu, aumwage. Hakubishana. Nilichukulia kwamba amekubali, kosa ninalolirudia kila siku kwa wanafunzi wanaonyamaza, na bado sijajifunza.

Baada ya miezi kadhaa nilichomoa mche mmoja katika mistari ya nyuma, karibu na bomba. Mizizi ilikuwa imevikwa nyuzi nyeupe, nyembamba kama pamba iliyochambuliwa.

Nikasema: ukungu. Nikasema: ugonjwa. Kumbe alikuwa ametia udongo wake wa porini katika mistari hiyo yote, kimyakimya.

Kamati ikaitwa. Wajumbe tulikaa. Yeye alisimama mlangoni, hakuna aliyempa kiti.

Mwenyekiti wetu, papa Kasongo, akamuuliza, "Mama, ulitia kintu gani mule?"

"Budongo."

"Ya wapi?"

"Ya mu pori. Miti inatokaka wapi, papa? Ku pharmacie?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilisimama nikasema mama huyu amechafua kitalu, na nikatumia maneno matatu ya Kilatini ambayo hakuna aliyeweza kuyapinga. Aliondolewa siku hiyohiyo, na nikaamuru miche yake itupwe.

Aliiomba. Akaipanga katika beseni, akaibeba kichwani safari mbili, kwenda shamba lake nje ya mji.

Sasa nitoke nje ya njia kidogo, maana mwalimu ni mwalimu.

Bowa tunayokula ni kama embe juu ya mti, tunda tu. Mwili wenyewe uko ardhini, nyuzi juu ya nyuzi. Kuna aina zinazoozesha majani na magogo, na bila hizo tungekuwa tumefunikwa na takataka za pori zima. Kuna aina zinazolimwa na mchwa ndani ya kichuguu, ndizo hutoa ile bowa kubwa ambayo mtoto anaweza kujikinga nayo mvua. Na kuna zinazovaa mizizi ya miti kama soksi. Uzi huleta maji na chumvi za udongo kutoka mbali ambako mzizi haufiki, na mti hulipa kwa sukari. Muputu ni wa kundi hilo. Bila nyuzi zake hubaki na njaa hata ukiumwagilia kila asubuhi.

Halafu kwa ukoo, bowa iko karibu na wanyama kuliko mboga. Tafadhali padri wetu asijue. Ijumaa za Kwaresima hatuna kitoweo kingine.

Turudi. Miche yangu, ile ya udongo uliopikwa, iligeuka manjano, ikabaki na urefu wa kidole, ikafa. Nililaumu jua. Nililaumu mbuzi. Katika ripoti nililaumu "uchafuzi wa awali", yaani Mama Feza.

Mwaka uliofuata nilikuwa kwenye ubao, tableau kwetu huku, darasa la tano la sekondari, nachora mzizi na nyuzi zinazouvika. Somo hilo nimelifundisha tangu nianze kazi. Chaki ikasimama. Nilikuwa nachora kile nilichokishika mkononi kule kitaluni na kukiita ugonjwa.

Mngetegemea nikimbie kumwomba msamaha. Hapana. Nilimaliza mchoro, nikatoa zoezi.

Tangu hapo, sokoni nilizunguka upande wa samaki ili nisipite kwenye meza yake. Nilinunua bowa yenye funza kwa watu wengine, nikaila, nikasema ni tamu. Na kila mtu alipouliza habari za miche, nilisema mimi nilifanya kazi yangu.

Mwezi uliopita kamati ikaanza tena. Mjumbe mmoja akapendekeza Mama Feza. Mwingine akasema, "Ule mama wa buchafu? Tangu pale hata bowa yake batu banaogopa kununua, banasema iko na bugonjwa."

Hilo sikuwa nalijua. Wote wakanigeukia mimi.

Nikasema, "Ule mama alikuwa na haki. Njo minye niliharibu."

Papa Kasongo alivua miwani. "Madame, na ile Latini yote?"

"Ilikuwa Latini ya sawasawa, papa. Ila nilikuwa nimekosa."

Nilimwachia jirani yake namba yangu na ujumbe kwamba kamati inamwita, na kwamba nataka kumwomba msamaha.

Wakuu, nilichojifunza nakisema hapa, maana baada ya kusimulia simu aliyonipigia sitaongeza neno. Kutojua hakukuwa kosa langu kubwa. Kosa ni ile miaka mitano baada ya kujua. Kama nanyi mna mtu mnayezunguka soko zima kumkwepa, andikeni hapa chini, nitasoma kila mmoja, na sina haki ya kumhukumu yeyote.

Simu ililia juzi, saa nne asubuhi.

"Madame. Ni Mama Feza. Bananiambia ulisema."

Nikasema ndiyo, nikaanza hotuba yangu ya msamaha. Alinikatiza.

"Ngoja. Ulisema wakati minye niko mbali. Mulinifukuza minye nasimama ku mulango. Juma ya ine utaisema tena, mbele ya bote, minye nimekaa ku kiti."

Nikasema nitaisema, Alhamisi hiyo, mbele ya kamati nzima.

Akaongeza: "Na uje na kitunga. Ile miti ulisema nitupe, imenipita burefu. Chini yake bowa imetoka, ile ya rangi ya yai. Minye peke yangu siwezi kuimaliza."

Nikauliza, kwa mazoea ya kazi tu, kama ana hakika inalika.

"Minye nitakula wa kwanza, weye utaangalia," alisema Mama Feza. "Nikibakia muzima, utaandika ku tableau."