Vipepeo Waliofuata Ng'ombe wa Mzee Ndahani

Siku niliyoanza kazi nilipewa buti zisizonienea na neno moja. Bwana Mhifadhi, mkuu wa kituo chetu kule milima ya Kibakwe, aliniambia, "Utalinda mdudu asiyejua kwamba unamlinda. Usingoje shukrani." Mimi Mrangi wa Kondoa, shule ya msingi yenyewe sikuimaliza, nikaitikia tu. Buti nilizijaza matambara, zikanitesa mpaka nikazoea kwenda peku, lakini hayo ni mengine.

Vijana mjue kwanza kwamba kuna vipepeo wanaohama. Ni weupe, mabawa yametiwa weusi pembeni. Wanazaliwa huku, wanafia kule, na njiani hushuka kunywa kwenye mchanga wenye unyevu. Kwetu walishuka korongoni, yaani kwenye mto wa msimu. Kazi yangu ilikuwa lindo: watu wasichome vichaka wanakotaga, wala wasiwavuruge wakinywa.

Sasa korongo lile ndilo lililonywesha ng'ombe wa Mzee Ndahani, Mgogo mwenye ulimi. Mwaka mmoja mvua zilikatika katikati ya msimu, maji yakabaki kwenye kona moja. Bwana Mhifadhi akaamuru tuizungushie uzio wa miiba. Ng'ombe wakaja, wakasimama nje kutwa, wakilia kwa harufu ya maji. Mzee Ndahani hakugomba. Aliketi juu ya jiwe akanitania kwamba Warangi tumeshiba hadi sasa tunachunga wadudu. Kisha akamgeukia mkuu wangu, sauti ikashuka.

"Bwana mkubwa, mdudu ana koo, ng'ombe wangu hana? Mtamba mmoja ameshalala, hainuki. Kesho watalala wengine."

Bwana Mhifadhi alisema anamsikia, ila akiondoa uzio vipepeo watakanyagwa, nao wakikosa hapa hawana pengine. Niliona hakupenda maneno yake mwenyewe.

Kesho yake, jua la utosini, vipepeo wakaja. Nimeona nzige nikiwa mtoto, nimeona mafuriko yakibeba nyumba, lakini kitu kama kile sijaona. Bonde zima lilikuwa jeupe na linakwenda, kimya kabisa, kivuli chake kikitambaa juu ya mawe kama maji. Hata ng'ombe waliinua vichwa. Mimi nilisema Subhanallah. Mzee Ndahani, mtu wa kanisani, alivua kofia.

Wakapita juu ya uzio wetu. Hawakushuka. Walishuka nje, kwenye tope lililovurugwa na kwato, pale ng'ombe walipokuwa wamesimama na kukojoa. Wakatanda pale hadi ungesema ardhi inapumua.

Bwana Mhifadhi alipiga magoti, akachota tope, akanusa.

"Chuoni nilisoma kwamba wanafuata chumvi," alisema. "Sikujiuliza huku kwetu anawawekea nani."

Akacheka mpaka machozi, halafu akaanza kung'oa miiba kwa mikono mitupu.

Wakapatana palepale: ng'ombe wanywe asubuhi na jioni, jua kali liwe zamu ya vipepeo. Yule mtamba alikufa, hatukumuwahi. Wengine walipona. Watalii walipoanza kufika kutazama, wana wa Ndahani ndio waliowaongoza, nao wakawa wakali kwa wachoma mkaa kunishinda mimi mwenye buti.

Baadaye alikuja mkuu mwingine, Mama Mhifadhi, mpole ila hapendi chai ya maziwa, akanihamishia ofisi ya mjini kufungua geti. Huko nikastaafu. Siku hizi niko Nzuguni kwa binti yangu, na mabati yamejaa mpaka upeo wa macho. Mara mojamoja hupita kipepeo mmoja mweupe juu yake. Nasimama. Wajukuu wananicheka, nami nashindwa kuwaeleza kwamba huyo ana wenzake wa kujaza bonde.

Msimu uliopita Mzee Ndahani alinipigia simu. Sauti imechakaa, ulimi bado.

"Mrangi, wageni wako wamefika."

Nikamuuliza kama wamekuta chochote mezani.

"Ng'ombe wameandaa tangu asubuhi," akasema.