Mjerumani wa Ghorofa ya Nne na Picha ya Mama

Wiki iliyopita nilipita Tottenham, hapa London, na vani yangu mpya, ile yenye jina langu ubavuni kwa herufi kubwa, nikakuta ghorofa zetu zimeshavunjwa. Hata ngazi hazipo. Nilipaki palipokatazwa, nikashuka, nikashika uzio nikitazama hewa tupu pale ilipokuwa ghorofa ya nne. Mimi si mtu wa kulia, rafiki yangu. Nina kampuni yangu ya usafi, nimeajiri watu wenye digrii, na shule niliiacha nina miaka kumi na tano. Lakini siku ile nilisimama pale mpaka askari wa maegesho akaja kunifukuza.

Maana pale juu, bwana, aliishi mwandishi. Mwandishi hasa, mwanamke wa Kijerumani, ambaye vitabu vyake viko maktaba za kwao mpaka leo.

Sisi tulikaa chini yake, mimi na mama. Tulitoka Tanga nikiwa na miaka minane. Kila alasiri dari letu lilikuwa linalia ta-ta-ta-ta, kimya, ta-ta, kisha kimya kirefu. Taipureta yake hiyo. Mama yuko jikoni anapika vitumbua, harufu ya hiliki imejaa mpaka kwenye korido, na kimya cha juu kikizidi ananiambia, "Huyo hajala. Mpelekee." Napanda na sahani. Mama alishamfundisha salamu, basi nikisema "Shikamoo bibi" ananijibu "Marahaba" kwa sauti ya kukwaruza, anakula amesimama.

Akila, ananihadithia maisha yake kwa Kiingereza cha pole pole. Kiingereza changu chote kimetoka hapo, si darasani. Baba yake alikuwa mwoka mikate katika mji wa bandari. Riwaya yake ya kwanza aliiandika kwenye karatasi za kufungia mikate, na alipokuwa na miaka ishirini na tatu watu walikuwa wanamsimamisha barabarani kwao wamshike mkono. Kisha akampenda Mwingereza, akamfuata London. Mwingereza akaondoka, na jina likaondoka naye. Miaka zaidi ya kumi hakutoa kitabu. Alikula kwa kutafsiri vijitabu vya maelekezo ya mashine za kufulia. Mtu aliyekuwa anasimamishwa barabarani, sasa anaeleza namna ya kusafisha chujio! Lakini sikumsikia akilalamika.

Jumapili moja alishuka kunywa chai, na mama, akiwa amefurahi, akamhadithia habari ya picha. Tulipofika London mama aliandika nyumbani kwamba amepata kazi hospitali. Kweli tupu. Ila watu wa Tanga wakaamua wenyewe kwamba amekuwa nesi. Badala ya kuwasahihisha, mama akaazima yunifomu ya nesi mmoja wa Jamaika, na saa ya kubandika kifuani, akapiga picha, akaituma. Bibi yangu akaitundika sebuleni. "Na mimi ndiye mpiga deki wa wodi nne!" mama akasema, akicheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa katikati, natafsiri. Mjerumani akacheka pia. Kisha akauliza tena habari ya ile saa.

Baada ya majuma mawili alirudi, akakataa kukaa. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Mchapishaji wa kwao alikuwa amekubali kutazama kitabu chake kimoja tu, cha mwisho, kikikataliwa basi. Alikuwa anaandika habari za majirani wa ghorofa zetu, na moyo wa kitabu ungekuwa ile picha. Anaomba ruhusa.

"Mwambie hapana," mama akasema. "Anisitiri. Mama yangu atauweka wapi uso wake?"

"Ni kwa Kijerumani, mama."

"Kwani Tanga Wajerumani hawaji? Wanakuja mpaka kupiga picha makaburi ya babu zao! Hapana."

Nikamtazama huyu, nikamtazama yule. Kisha nikasema kwa Kiingereza: anakubali, ila na mimi uniweke.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilitaka kuwa ndani ya kitabu, na nilitaka dari lilie. Na kweli lililia, baridi nzima.

Mwaka uliofuata akashuka na kitabu mkononi, midomo kaipaka rangi, akamkumbatia mama na kumbusu mashavu yote mawili. "Mbona ananishukuru mimi?" mama akauliza. Nikasema yote.

Mama hakunipiga. Alivuta kiti katikati yao. "Kaa hapo. Mwambie asome. Na wewe useme kila neno. Ukiruka hata moja, nitalijua usoni kwake."

Akasoma, akigeuza Kijerumani kuwa Kiingereza, nami nikageuza kuwa Kiswahili. Mwanamke anapiga deki alfajiri. Wagonjwa wanamjua kwa mlio wa ndoo. Mzee mmoja anamwomba asiondoke kabla mkewe hajafika, naye anaendelea kusugua pale pale palipokwisha kung'aa. Mama alisikiliza kakunja mikono.

"Mwambie amekosea," akasema mwishoni. "Deki huanzii mlangoni. Unaanzia mwisho wa korido, unarudi kinyumenyume, la sivyo unakanyaga ulipopasafisha. Aandike vizuri."

Mjerumani akachukua kalamu, akaandika pembeni ya ukurasa, akiomba radhi kama mwanafunzi.

"Na wewe," mama akanigeukia, "lete karatasi. Tunamwandikia bibi yako ukweli kabla Mjerumani hajamfikia." Mama anajua kuandika, lakini alitaka mkono wangu ndio uandike.

Jibu lilichelewa. Mama alikuwa akisikia posta inaanguka mlangoni, anaacha sufuria motoni. Lilipofika lilikuwa limejaa harusi ya jirani na bei ya nazi, na chini kabisa: "Picha siishushi, umependeza. Ila niambie, hiyo hospitali sakafu yake ni ya marumaru?" Mama akalisoma mara tatu, akaenda kuosha uso.

Kitabu kile kilimrudisha Mjerumani wetu. Baada yake alitoa vingine vinne, akaitwa kusoma mbele ya kumbi zilizojaa, na kila safari alirudi ghorofa ya nne ile ile. Mimi nimo ukurasa wa kumi na tisa. Nionyeshe mwingine London hii aliyeacha shule na miaka kumi na tano, na yumo kwenye riwaya ya Kijerumani.

Mjerumani amekwisha kufa, na majirani aliowaandika wametawanywa na kaunsili, wenye zile ghorofa, mmoja huku mmoja kule. Wanangu wanamsemesha bibi yao kwa Kiingereza, naye anawajibu kwa Kiswahili, wanaelewana vizuri tu. Hakuna anayewekewa kiti katikati. Nimeshakaa na wakurugenzi kwenye majengo yao ya vioo, nikatoka na mikataba. Lakini nakwambia, sijawahi tena kuwa mtu mkubwa kama siku ile nina miaka kumi na miwili, neno la mwanamke mmoja likipita kinywani mwangu kwenda kwa mwenzake, na safari hii likifika zima.