Mnarani kwa Springi Laini, Kurudi kwa Springi Ngumu

Mimi si mtu wa kutembea ovyo. Safari hii nilitolewa na mwanangu Salma, na kilichomtoa yeye ni kisanduku kimoja kwenye karatasi ambacho kilikuwa hakijatiwa alama.

Salma ana miaka hamsini na moja, na ni mjane. Kwa miaka ishirini ameliendesha duka la vifaa vya ujenzi waliloanza na marehemu mumewe, na miaka hiyo yote gari lake lilikuwa pikapu ya kubebea saruji. Ukilipanda unashuka mweupe kama umetoka kupepeta unga. Mwaka huu binti yake wa mwisho ameolewa. Wiki mbili baada ya harusi alikuja chumbani kwangu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaniambia anaagiza gari la spoti. Jipya, la viti viwili.

"Viti viwili?" nikamuuliza. "Na mkungu wa ndizi utauweka wapi?"

"Sibebi ndizi tena, mama. Nimebeba vya kutosha. Sasa nakubeba wewe tu."

Basi kiti cha pili kikawa changu. Kila Alhamisi Salma hunipeleka Mnarani, ng'ambo ya daraja la Kilifi, kwa dada yangu Zuhura. Dada magoti yamemwisha, hatoki tena. Katika watoto wa mama yetu tumebaki sisi wawili. Siku gari litakaponishinda kulikalia, ndiyo siku nitakayokuwa namsikia dada kwenye simu tu, na simu haina uso.

Sasa lile gari huundwa ng'ambo kwa namna utakayoitaka, na likishaundwa ndiyo limekwisha. Salma alikuwa amechagua rangi na viti. Kisanduku cha mwisho ndicho kilichotukwamisha: springi za kawaida au za spoti. Wakala, kijana mpole mwenye ndevu nzuri, alinieleza kwa lugha ya kueleweka. Za kawaida ni laini, zinameza mashimo na matuta, lakini kwenye kona gari hulala ubavu kidogo. Za spoti ni fupi na ngumu. Gari hukaa chini zaidi, kwenye kona halilali, ila kila kijiwe utakijua kwa jina.

Salma akaniambia, "Chagua wewe, mama." Nami nikamwambia, "Gari lako, chagua wewe." Kwetu ndivyo tulivyolelewa, mtu hatangulizi matakwa yake mbele ya mwenzake. Unamuuliza yeye, naye anakuuliza wewe, na chai inapoa. Tulikaa hivyo siku tatu. Wakala alipochoka akasema anayo magari mawili ya kujaribia, yote ya aina ileile. Twende Mnarani kwa lenye springi laini, turudi kwa lenye springi ngumu, na kabla ya jua kutua apewe jibu.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, Malindi. Gari limesimama mlangoni na watoto wa mtaa mzima wamelizunguka. Kuingia si kazi rahisi. Kile kiti kiko chini kama mbuzi ya kukunia nazi. Nilitanguliza makalio, nikajiachia, miguu nikaivuta kwa mikono. Jirani yangu akapiga kelele dirishani, "Mama Salma, umezama!" Nikamwambia afunge dirisha, vumbi litamwingia mdomoni.

Mapajani nilipakata bakuli langu la kauri lenye mbaazi za nazi, nimelifunga kwa kitambaa, na mfuko wa mahamri miguuni. Siendi kwa dada mikono mitupu hata siku moja. Na bakuli hilo halirudi tupu, kwa sababu naye ana adabu zake.

Tulipinda kwanza njia ya Ganda, shambani kwangu, tukachukua nazi nne. Nne tu, maana buti la gari hilo lingejaa kwa mto wa kulalia. Njia ya Ganda mnaijua. Mchanga, mizizi, na mashimo ambayo kila mvua huyapanua. Lile gari laini lilipita pale likinesanesa kama godoro jipya. Mbaazi hazikutikisika.

Tukatokea barabara ya lami, tukapita Gede, tukaingia kwenye msitu. Kulikuwa na ubaridi mzuri na miti imekaribia pande zote mbili. Mgongo wangu ulitulia hata nikasahau kama ninao. Kwenye kona gari liliegemea kidogo, bakuli likanisogea, nikalirudisha.

"Unalionaje, mama?"

"Zuri. Na wewe?"

"Zuri."

Lakini lile "zuri" lake mimi nilishalisikia. Ndilo alilolisema akiwa na miaka tisa, nilipomvisha gauni la Idi la dada yake lililopunguzwa. Alikaa nyuma ya usukani kama mtu aliyekaa kwenye foleni ya posta. Nilikuwa naona raha, na mwenye raha huwa hana haraka ya kuuliza mengi.

Saa nne kasorobo, Mnarani. Tulivuka daraja, na dakika chache baadaye tulikuwa mlangoni kwa dada Zuhura. Amenizidi miaka minne na ulimi mara kumi. Alikuwa barazani kwake na kopo la achari kando.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona leo umekuja ndani ya kiatu?"

Salma akacheka, akambusu mkono, akaingia ndani kutayarisha chai. Dada akafunua bakuli, akatazama mbaazi, akatia kidole, akakilamba. "Zimefika salama. Chumvi ndiyo uliyoisahau nyumbani." Chumvi ilikuwa sawa kabisa. Angesifu ningemwitia daktari.

Tukala. Salma alipokwenda kuosha vyombo, nikamweleza dada habari ya springi kwa sauti ya chini.

"Yeye anataka zipi?" akauliza.

"Hasemi. Nikimuuliza, ananiuliza mimi."

"Isha, gari la nani?"

"La Salma."

"Na wewe je, unataka zipi?"

Nikamwambia kweli. Zile laini zitanileta kwako kila Alhamisi mpaka nife. Zile ngumu sizijui.

Dada akavuta kopo la achari karibu yake. Halafu akasema, "Toka utotoni wewe ni mtu wa kuuliza. Usimuulize tena. Ukipanda hilo la pili, mtazame. Mtoto wako huyo, utamjua."

Akaita Salma alete bakuli, akalijaza achari ya maembe mpaka ukingoni, mafuta mekundu yakielea juu. Nikamwambia, "Dada, punguza." Akasema hapunguzi, yeye si bahili. Nikafunika, nikafunga kitambaa, tukaagana. Wala hakunipa mkono wa kuagana kwa muda mrefu. Alinishika tu kidole kimoja kama afanyavyo, akakiachia.

Saa nane na nusu, Kibarani, ukirudi upande wa mjini Kilifi. Hapo ndipo wakala alipotungoja na gari la pili. Kwa macho ni pacha wa lile la kwanza, ila limechuchumaa zaidi. Niliingia kwa mtindo uleule, na safari hii nilizama kweli. Kijana akanifungia mkanda. "Pole pole na matuta, Bi Salma," akamwambia mwanangu. Akatuahidi atapiga simu saa kumi na moja.

Tuta la kwanza hatukulingoja sana. Gari likapanda, likashuka, na tumbo lake likakwaruza lami, kwaa! Uti wangu wa mgongo ukajihesabu kutoka juu mpaka chini. Ndani ya bakuli kitu kikaruka na kurudi.

"Pole, mama!"

"Endesha."

Mashimo madogo ambayo asubuhi sikuyajua, sasa niliyajua yote. Kuna kiraka kimoja cha lami kabla ya Matsangoni ambacho nikikutana nacho ahera nitakitambua. Nikaanza kukata shauri: hili hapana. Nitafika nyumbani nitasema hapana, na Mungu ananiona sikusingizia.

Ndipo nikakumbuka maneno ya dada, nikamtazama mwanangu.

Alikuwa amekaa wima. Mikono yake, ile iliyochubuliwa na mabati na saruji, ilikuwa imeushika usukani taratibu kama mtu anayekanda unga wa chapati. Tukaingia kwenye kona ndefu za msituni. Nilijishika nikingoja kulala ubavu kama asubuhi, lakini gari halikulala hata kidogo. Lilishika barabara kama kupe. Salma akacheka peke yake, kicheko kifupi, halafu kona ya pili akacheka tena. Sikumruhusu mbio, na hakukimbia. Hakikuwa kicheko cha mbio. Kilikuwa cha mtu aliyepata gari linalomsikia.

Kisha akaanza kuimba.

Niwaambie jambo wale msiomjua. Salma katika ujana wake ndiye aliyekuwa akianzisha vugo, zile nyimbo za wanawake harusini. Harusi ya Malindi bila sauti yake ilikuwa kama pilau bila bizari. Mumewe alipofariki, sauti ile ikazikwa naye. Kwenye harusi ya binti yake mwenyewe, mwaka huuhuu, alipiga makofi tu, na wanawake wakatazamana. Sasa yuko hapa katikati ya msitu, anaimba wimbo wa kumtoa bibi harusi ndani, mwanzo mpaka mwisho, na wala hajui kama anaimba.

Ninajua hajui kwa sababu tulipofika Gede alikata katikati ya ubeti akasema, "Mama, nasikia harufu ya achari."

"Achari inanuka. Ndiyo kazi yake."

Kweli yenyewe ni kwamba kifuniko kilikuwa kimehama tangu tuta la pili. Mafuta yalipita kitambaa, yakapita buibui, yakapita gauni, na pilipili ilikuwa imeanza kuniuma mapajani. Nikavuta ncha ya mtandio nikafunika. Nilifikiri, nikisema sasa ataacha kuimba. Nikawaka moto kimya kimya mpaka Malindi.

Saa kumi na robo, nyumbani. Salma akazima gari. Injini ikawa inalia tik, tik, inapoa.

"Mama, nimeamua," akasema. "Lile la asubuhi. Lilikuwa zuri."

Zuri. Gauni la Idi tena.

Nikafungua mlango, nikatoa miguu, nikajivuta juu. Nikasahau mtandio. Salma akaja upande wangu kunishika, akaniona kuanzia kiunoni mpaka magotini, buibui limelowa mafuta, vipande viwili vya embe vimening'inia. Akajishika mdomo.

"Mama! Imekumwagikia yote!"

"Si yote. Maembe mengi yamebaki."

"Na hukusema! Kutoka wapi?"

"Kibarani."

"Kibarani! Na mgongo je?"

"Mgongo upo. Usipige kelele, majirani wanasikia."

Simu ikalia. Wakala aliwahi kuliko alivyoahidi. Salma akapokea, macho yananitazama mimi na buibui langu. "Ndiyo, tumefika. Ndiyo. Niwekee zile za kawai—"

Nikamnyang'anya simu. Mkono wangu ulikuwa na mafuta, nusura iniponyoke.

"Shikamoo, bibi," kijana akasema.

"Marahaba. Tia alama kwenye spoti."

"Zile ngumu, bibi? Una hakika? Mgongo wako..."

"Mgongo wangu haumo kwenye karatasi yako. Dereva anaitwa Salma. Umetia alama?"

Akasema ametia. Nikakata, kwa msaada wa jirani yangu aliyekuwa ameshafika, maana zile simu za kusukuma kwa kidole cha mafuta hazisikii.

Salma alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, jambo nisilolipenda hadharani. "Na Alhamisi zako, mama? Utakaaje humo?"

"Uliimba," nikamwambia.

"Niliimba?"

"Msitu mzima."

Alikaa kwenye kizingiti na viatu vyake vizuri, miguu barabarani, akainamisha kichwa, mimi nikaingia ndani kuvua nguo maana pilipili haingoji mtu amalize kulia.

Nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba mtu mwenye adabu ukimuuliza anachotaka atakudanganya, na ukiwa na adabu kama yeye utamsaidia kudanganya. Mimi na Salma tulipoteza siku tatu kwa namna hiyo, na tungeipoteza sauti yake. Bora umkalishe kwenye lile jambo, ufunge mdomo, umtazame akifika kwenye kona.

Kwa upande wangu nimempa masharti. Kila tuta alipande kwa mwendo wa jeneza. Nazi za Ganda ziletwe na bodaboda. Achari itasafiri kwenye kopo la kukaza kwa skrubu. Na ninashona mto wa sufi, mnene, wa kukalia na wa mgongoni, na sufi nimeichambua mwenyewe kwa sababu ya dukani imejaa mbegu. Gari likija, mto utakuwa tayari, na mimi pia.

Jana dada Zuhura alinipigia simu. Nilimhadithia yote. Nikangoja anitukane kwa buibui. Badala yake akauliza, "Hicho kiatu, na mimi nitaenea?"

"Dada, magoti yako."

"Kuingia nitaanguka tu. Kutoka mtanivuta. Nataka kuvuka daraja na kurudi, nimsikie akiimba."

Viti ni viwili. Kwa hiyo Alhamisi ya kwanza mimi nitabaki barazani kwake Mnarani, nimngoje arudi. Mto wa sufi nitamwazima. Bakuli abebe mwenyewe.