Mti wa Mama Furaha Ndani ya Chupa

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, siku ya posho kama tusemavyo hapa Goma, umeme ulipokatika mji mzima asubuhi, nami nikiwa zamu peke yangu katika maabara. Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu majuzi tu, na koti langu jeupe nililipiga pasi kila siku hata likaanza kung'aa, mambo ambayo leo yananichekesha. Keti kidogo nikuambie, maana nawe umeanza kazi hii ya kulea seli, na kazi hii ina jaribu lake ambalo halimo vitabuni.

Wakati ule tulikuwa na reakta moja tu. Za siku hizi zinaandika namba zenyewe. Ile yetu ilikuwa chupa kubwa ya kioo yenye panga dogo la kukorogea lililozungushwa na mota, na mpira mwembamba wa kupitishia hewa. Ndani yake zilielea seli za mti wa kinkina, ule ambao gome lake chungu hutoa dawa ya malaria. Tulitaka kujua kama seli hizo, zikilishwa sukari na chumvi na hewa, zingeweza kutoa dawa ile bila mtu kuuchuna mti. Kwa macho zilionekana kama uji mwepesi tu. Wageni walizitazama, wakatikisa kichwa kwa heshima, wakauliza mlango wa kutokea uko wapi.

Isipokuwa Mama Furaha. Huyo alikuwa mjane kutoka milima ya Masisi, aliyekimbilia Ndosho, mtaa wa pembeni mwa Goma, na watoto wake. Mti wenyewe ulikuwa wake. Mumewe aliupanda nyuma ya nyumba mwaka walipooana, na gome lake lilikuwa chungu kuliko yote tuliyoyapima. Tulichukua majani yake machache machanga kabla vita havijafika kule. Baadaye habari zikaja kwamba mti umekatwa, umekuwa makala, yaani makaa ya kupikia. Basi kilichobaki cha mti ule duniani kilikuwa ndani ya chupa yetu, na kila mwezi mama yule alitembea kwa miguu toka Ndosho kuja kuutazama. Aliinama mbele ya kioo, akausalimia, akatuuliza hali yake kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa hospitali. Tulimpenda sana. Jumanne iliyofuata ilikuwa siku yake ya kuja.

Umeme ulikaa karibu saa sita bila kurudi, na jenereta haikuwa na mazuti, yaani dizeli. Panga likasimama, hewa ikakoma, seli zikazama chini zikalala. Desturi ya maabara ilikuwa wazi, na aliyetufundisha ni Papa Paluku, fundi mzee wa pale, mtu wa Butembo ambaye hakuwa na diploma hata moja lakini wenye diploma walimwita kabla ya kugusa kitu. Umeme ukirudi, alisema, anza kukoroga polepole sana, andika katika daftari saa zilizopotea, kisha tuma mtu aniite, hata kama niko kanisani.

Yote hayo niliyajua. Lakini nilihesabu saa sita zile nikajiambia lazima zifidiwe. Nyumbani kwetu aliyechelewa shambani alilima kwa nguvu zaidi hadi awafikie wenzake, nami nikazifanyia seli hesabu ya jembe. Umeme uliporudi, nikapandisha mwendo wa mota mara mbili. Nilitaka Mama Furaha aje akute uji mzito, afurahi. Unaona, mwanangu, hata kosa langu lilizaliwa na mapenzi. Makosa mengi huzaliwa hapo, usiyaonee huruma kwa sababu ya mama yao.

Seli za mmea ni kubwa, zimejaa maji, na kuta zake ni ngumu. Ukizikoroga kwa nguvu zinapasuka, na iliyopasuka inamwaga vitu ambavyo ni sumu kwa wenzake. Kabla ya jioni uji ulikuwa umeanza kupata rangi ya chai. Niliona. Nikateremsha mwendo harakaharaka, nikafungua daftari, nikaandika mwendo wa kila siku, na kwenye safu ya umeme nikaandika "sawa". Jumapili baada ya misa nilipita tena, rangi imekolea, nikajiambia ni mwanga wa dirisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo niliijua tangu utoto, ila nilidhani wanasemwa wagonjwa.

Jumatatu Papa Paluku alifika kabla yangu. Hakupiga kelele. Alikuwa ameweka tone chini ya hadubini, akanionyesha kwa kidevu nitazame. Nilichokiona kilikuwa vipandevipande.

"Kavira, hii haiko ugonjwa," alisema. "Hii ni kazi ya mukono."

Kisha akafungua daftari, akausoma mstari wangu wa Jumamosi taratibu, kidole chini ya kila neno. Goma nzima ilikosa umeme siku ile isipokuwa daftari langu. Nililia, naye akaniacha nilie mpaka nikachoka. Ndipo akavuta kiti akaketi mbele yangu.

"Mutoto yangu, kukosa, sisi wote tunakosa," alisema. "Kama ungeniita siku ya posho, tungebadilisha maji, na selile mingi zingepona. Umezinyima siku mbili. Hiyo njo inaniuma."

Sahani zetu za akiba, visahani vya kioo tulimotunzia seli za ziada za mti ule, zilikuwa zimeliwa na ukungu wiki mbili kabla. Alijua, nami nilijua. Alisimama akanawa mikono hadi kwenye viwiko, kwa maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tulichuja maji yale ya kahawia kwa kitambaa chepesi tulichokinunua sokoni Birere na kukichemsha, tukasuuza, tukachuja tena. Chini kabisa vilibaki vidonge vidogo kama punje za ulezi, bado vyeupe. Tuliviokota kimoja kimoja kwa koleo jembamba, tukavilaza kwenye chakula cha seli kilichogandishwa kama jeli, hadi mgongo ukaniuma. Zilipatikana sahani tano. Nikamwuliza kama vitaishi, akasema hajui.

Nilitumaini yeye ndiye atakayezungumza na Mama Furaha. Alikataa. Kwao, alisema, aliyevunja mtungi wa mtu haachi mwenye mtungi aje kukuta vigae, wala hatumi mwingine akaseme, anakwenda mwenyewe. Na mama wa watu asitembezwe njia yote ile kuja kupokea msiba. Basi nilipanda pikipiki jioni ile ile kwenda Ndosho, na njia nzima nilitamani itoboke gurudumu.

Nilimkuta mlangoni kwake anachambua maharage. Nilitaka kusema nikiwa nimesimama, akanilazimisha kukaa. Nikamwambia yote: umeme, mkono wangu, daftari, zile siku mbili. Nikamwambia zimebaki sahani tano na hatujui. Vidole vyake vilisimama ndani ya maharage, nami nikangoja kufukuzwa.

"Tulipokimbia nilipoteza bwana, nikapoteza nyumba, nikapoteza ile muti," alisema hatimaye. "Kila mara watu walikuwa wananificha, wananiambia mambo iko muzuri. Nilikuwa nasikia kweli kwa barabara, kwa watu sijue. Wewe njo wa kwanza kuja kuniambia na kinywa yako."

Akaushika mkono wangu, huo huo uliopandisha mota, akaushika kwa mikono yake miwili. Tulilia pamoja pale mlangoni, na majirani wakadhani tumefiwa. Kesho yake alikuja maabara kama kawaida yake. Sahani tatu zilikufa. Katika mbili vidonge vilianza kukua baada ya majuma mengi, na Mama Furaha aliishi kuiona chupa ikijaa tena.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Saa iliyopotea imepotea. Usiidai kwa nguvu kutoka kwa kitu kilicho hai, awe mtoto, awe mgonjwa, iwe seli. Ukiharibu ulichokabidhiwa, sema siku ile ile, maana kosa moja haliachi mke, lakini kila siku unayolificha linaongeza la pili na la tatu. Na usimwambie mkubwa wako peke yake ukadhani umemaliza. Mtafute mwenye kitu, ukae naye chini, asikie kwako. Utaogopa. Mimi niliogopa, na bado nilipanda ile pikipiki.

Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi usiokimbia. Akupe wazee wa kukukemea bila kukuvunja, na siku nywele zako zitakapokuwa kama zangu, akupe subira ya kuwaacha vijana walie kwanza, ndipo uwaonyeshe pa kunawa mikono.