Majani niliyoyaficha chini ya mikarafuu

Mama mkwe kaning'olea majani yangu, nami nikamshukuru.

Miezi miwili sasa nalea majani ya ng'ombe hapa Ole. Kaka yangu aliniletea mbegu kutoka Bara, huko kwenye baridi, ambako hujiotea yenyewe porini. Yakishashika, unakata na yanachipua tena, mwaka hadi mwaka. Lakini jua letu hayaliwezi. Ndiyo maana niliyapanda kwenye kivuli cha mikarafuu, mbegu nikazifukia juu juu, nikamwagilia asubuhi na jioni.

Sikumwambia mtu. Hapa ukisema unapanda majani, watakuuliza kama u mzima.

Leo narudi kutoka Konde, namkuta Bi Mize, mama wa mume wangu, kainama na jembe. Chini ya mikarafuu kweupe.

"Msimu u karibu, mwanangu," akasema. "Karafuu zikidondoka humo utaziokotaje? Nimeona haya, watu wanapita wanatazama."

Sasa hapo nimlaumu kwa lipi? Kila mtu hupalilia kabla ya kuchuma.

Jasho linamtoka, mgongo kaushika. Nikasema, "Ahsante, Mama," nikamletea maji.

Kimebaki kitalu kimoja tu cha majani yale, kivulini nyuma ya banda la ng'ombe. Nikamwomba Mungu, Bi Mize asikione.

Akanywa, akafuta mdomo. "Kile cha nyuma ya banda ntakimaliza kesho, nikishasali alfajiri."

Jembe kaliacha mlangoni kwangu.

Nyie wenye wakwe, naanzaje?